Nyumba za Huduma na Haki ya Kusema Hapana

Mwishoni mwa Januari 2023 shirika la L'Arche, lenye nyumba ambamo watu wenye ulemavu wa akili huishi pamoja na wanaowasaidia, lilichapisha ripoti ya karibu kurasa 900 kuhusu mwanzilishi wake, Jean Vanier, aliyefariki Mei 2019 huku akisifiwa duniani kote kwa utakatifu wa maisha. Tume ya wasomi iliyoundwa na shirika lenyewe ilihitimisha kwamba, kati ya mwaka 1952 na 2019, wanawake wasiopungua 25, wote watu wazima wasio na ulemavu, waliingizwa na Vanier katika mahusiano ya kimwili yaliyofunikwa kwa lugha ya sala na uongozi wa kiroho. Miaka mitatu kabla ya hapo, Februari 2020, uchunguzi wa kwanza ulikuwa umetaja wanawake sita. Baadhi ya wanawake hao walikuwa wasaidizi, yaani watu walioacha kwao wakaja kuishi katika nyumba za shirika kwa moyo wa kujitolea, wakapewa chumba, chakula na posho ndogo, na wakamtazama mwanzilishi kama baba yao wa kiroho.

Tangu wakati huo, kila panapozungumzwa habari ya vijana kwenda kuishi mwaka mzima au zaidi katika nyumba za huduma za makanisa, husikika majibu mawili. Wapo wanaosema kwamba mpango wote uzikwe pamoja na sifa za mwanzilishi. Wapo pia wanaosema kwamba lile lilikuwa kosa la mtu mmoja, na kwamba kazi iendelee kama ilivyokuwa. Kwa maoni yangu, majibu yote mawili yanalikwepa jambo lenyewe. Kujitolea kwa kuishi ndani kuna thamani ambayo mipango mingine ya kujitolea haiifikii, na thamani hiyo inachipuka pale pale inapochipuka hatari yake, kwa kuwa mtu analala anapofanyia kazi, na anasali pamoja na wale wanaompangia zamu. Kwa hiyo nyumba ya namna hii ingepimwa kwanza kwa swali moja: anayejitolea akitaka kusema hapana, atamwambia nani, na usiku huo atalala wapi?

Ili swali hilo lieleweke uzito wake, ni lazima kueleza nyumba hizi zinavyoendeshwa. Agosti 1964, katika kijiji cha Trosly-Breuil kaskazini ya Paris, Vanier, Mkanada aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini, aliwachukua wanaume wawili wenye ulemavu wa akili, Raphaël Simi na Philippe Seux, akaanza kuishi nao katika nyumba ndogo ya kawaida. Katika zama zile watu wenye ulemavu wa namna hiyo walifungiwa kwa wingi katika taasisi kubwa, mbali na macho ya watu, na wengi walizikwa bila ya kuwahi kukaa mezani na mtu aliyewachagua kuwa marafiki. Mpango ule wa kula, kufua, kugombana na kupatana chini ya paa moja ulienea haraka. Mwaka 1969 ilianzishwa jumuiya ya Daybreak huko Richmond Hill karibu na Toronto, mwaka 1972 ikafuata ya Erie katika jimbo la Pennsylvania, na mwaka 1974 ikafika Kent nchini Uingereza. Leo L'Arche ina jumuiya katika nchi zaidi ya 30, zikiwamo za kwetu Afrika Mashariki, huko Nyahururu nchini Kenya na Kampala nchini Uganda.

Katika nyumba hizo msaidizi hafanani na mwajiriwa wa hospitali, ambaye zamu yake ikiisha hupanda daladala akarudi kwake. Hafanani pia na mtawa, ambaye amejifunga kwa nadhiri na ana shirika la kumtunza hadi uzeeni. Yeye yuko katikati: ameahidi mwaka mmoja au miwili, hana mshahara wa maana, na chumba chake kimepakana na cha mtu anayemhudumia. Akisikia kikohozi usiku, ni juu yake kuamka. Nchini Ufaransa, Uingereza na Kanada wasaidizi wengi siku hizi ni waajiriwa wenye mikataba, lakini bado kuna vijana wanaokuja kwa mpango wa kujitolea wa mwaka mmoja, na bila wao sura ya nyumba hizo ingebadilika kabisa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua ni wa Henri Nouwen, padri Mholanzi aliyekuwa amefundisha Yale na Harvard kabla ya kuhamia Daybreak mwaka 1986, alikoishi hadi alipofariki mwaka 1996. Alipofika, hakupewa darasa wala mimbari kwanza. Alipewa kazi ya kumwandaa asubuhi kijana mmoja aitwaye Adam Arnett, ambaye hakuweza kusema, hakuweza kujivalisha, na aliyesumbuliwa na kifafa. Kazi hiyo ilichukua karibu saa mbili kila siku: kumwamsha, kumwogesha, kumnyoa ndevu, kumpiga mswaki, kumvalisha, kumkalisha mezani na kumsaidia kushika kijiko, huku akiwa macho kwa dalili za kifafa. Profesa huyo ambaye vitabu vyake vilisomwa na maelfu aliogopa mwanzoni kwamba angemwangusha Adam bafuni, na aliwaita wenzake mara kwa mara kuwauliza afanyeje.

Saa mbili hizo haziwezi kufupishwa bila kumwumiza mtu. Wiki ya kwanza mkono mgeni unaushika mwili usiouelewa, na mwili huo unakaza. Baada ya miezi kadhaa mkono unajua bega lipi lina maumivu, maji yawe na joto kiasi gani, kijiko kisubiri mdomoni kwa muda gani kabla ya kumeza. Maarifa hayo hayamo katika kitabu chochote cha mafunzo. Yanapatikana kwa kukaa, na mwenye kuyapata anamfaa mwenzake kwa namna ambayo mgeni wa wiki mbili hataweza hata akiwa na shahada tatu. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya niitetee huduma ya muda mrefu, na niitilie shaka desturi ya makundi ya wageni wanaokuja likizo kupiga picha na watoto katika makao ya mayatima. Novemba 2017 serikali ya Kenya ilisitisha usajili wa makao mapya ya watoto, baada ya miaka mingi ya malalamiko kwamba baadhi ya makao yalikuwa yakistawi kwa fedha za wafadhili na wageni huku watoto wengi waliomo wakiwa na wazazi hai. Mtoto anayekumbatiwa na mgeni mpya kila baada ya wiki mbili hujifunza kwamba upendo ni kitu kinachofungasha mizigo.

Hata hivyo, mwaka mmoja nao ni muda mfupi ukiutazama kwa macho ya mwenyeji wa nyumba, yaani yule anayehudumiwa humo. Mwanamke mwenye ulemavu wa akili aliyeishi katika jumuiya kwa miaka 30 amewaona vijana wengi wakija, wakijifunza jina la doli lake na wimbo anaoupenda, kisha wakaagwa kwa keki na machozi. Kijana anarudi kwao na kumbukumbu iliyombadilisha maisha, naye mwenyeji anabaki kuanza upya na mgeni mwingine. Sijaona bado nyumba iliyolitatua tatizo hili kikamilifu. Zile zinazolichukulia kwa uzito huwa na kiini cha watu wachache wanaokaa miaka mingi, huwapokea wapya kwa kupishana badala ya kuwabadilisha wote kwa mkupuo, na hueleza kuondoka kwa mtu mapema na waziwazi ili pengo lake lisiwe fumbo.

Sasa niende kwenye hatari. Katika kazi ya kawaida mtu huwa na nyumba upande mmoja, ajira upande wa pili, kanisa upande wa tatu, na marafiki waliotawanyika kote. Mambo yakimwendea vibaya kazini, anayo mahali pengine pa kusimama. Anayejitolea kwa kuishi ndani amezikusanya pande zote hizo mahali pamoja: msimamizi wake ndiye anayemfungulia mlango wa chumba, ndiye anayeongoza sala ya jioni, ndiye atakayemwandikia barua ya kumsifu akiondoka, na kama ametoka nchi nyingine, kibali chake cha kuishi nchini humo kinategemea sahihi ya mtu huyo huyo. Mamlaka yaliyojikusanya hivyo hayahitaji mtu mwovu ili yaumize. Mara nyingi yanaumiza kwa njia ya kawaida sana: zamu ya tatu ya usiku kwa mfululizo kwa sababu mwenzake ameugua, siku ya mapumziko inayosogezwa kwa wiki tatu, kijana wa miaka 19 anayeachwa peke yake na mtu mzima anayepata kifafa wakati hajafundishwa vya kutosha.

Katika nyumba ya imani mzigo huo una kufuli ya ziada. Kijana akilalamika kwamba amechoka, anakumbushwa kwamba Bwana naye aliwaosha miguu wanafunzi wake. Maneno ya namna hiyo ni mazuri yakitoka moyoni mwa anayeosha miguu, lakini yakitoka kinywani mwa anayepanga zamu yanageuka kuwa njia ya kumnyamazisha mtu. Wito, sadaka, msalaba, unyenyekevu: kila moja ya maneno haya linaweza kutumiwa kumfanya mtu aone kwamba uchovu wake ni upungufu wa imani. Ripoti ya 2023 ilionyesha jinsi lugha ya rohoni ilivyotumika hadi kuingia katika miili ya watu, na ilionyesha pia kwamba chanzo kilikuwa cha zamani. Mlezi wa kiroho wa Vanier, padri Mdominiko Thomas Philippe, alikuwa ameadhibiwa na Roma mwaka 1956 kwa makosa ya aina hiyo hiyo, na bado akaja kuishi Trosly tangu mwanzo wa jumuiya, akipokelewa kama mtu wa Mungu. Wasaidizi wapya waliofika pale hawakuambiwa. Na wale waliotaka kusema walijikuta hawana wa kumwambia ambaye hakuwa mwanafunzi wa hao hao wawili.

Yapo pia mazuri katika historia ya shirika hilo hilo. Mwishoni mwa 1987 Nouwen aliyezungumzwa hapo juu alianguka katika sonona kali, akashindwa kuendelea na kazi. Jumuiya haikumwambia avumilie kwa ajili ya Kristo. Aliruhusiwa kuondoka kwa takriban nusu mwaka, akapata watu wa kumsaidia mbali na Daybreak, kisha akarudi akaishi miaka mingine minane ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyozaa matunda zaidi. Hapo ndipo naiona heshima ya kweli kwa mtu anayejitolea. Lakini Nouwen alikuwa padri mwenye jina, mwenye marafiki na njia za kujitegemea. Swali langu linamhusu binti wa miaka 20 kutoka kijijini, asiyejulikana na mtu, anayeanguka katika hali hiyo hiyo mwezi wa nne wa huduma yake: naye atapewa nusu mwaka, au atapewa nauli ya kurudi kwao na fununu kwamba hakuwa na wito?

Katika jambo hili Ujerumani ina sheria ambayo inastahili kutazamwa, hasa kwa kuwa inawahusu vijana wetu pia. Mwaka 2011 nchi hiyo iliposimamisha utumishi wa lazima jeshini, vijana waliokuwa wakichagua utumishi wa kiraia katika hospitali na makao ya wazee badala ya jeshi waliisha pia, na Huduma ya Kujitolea ya Shirikisho ikaanzishwa kuziba pengo. Baadhi ya nafasi zake ziko katika taasisi za makanisa, za Kikatoliki na za Kiprotestanti. Tangu 2013, kupitia mpango wa weltwärts uliokuwa ukituma vijana wa Ujerumani nje tangu 2008, vijana kutoka nchi kama Tanzania nao wanaweza kwenda Ujerumani kujitolea kwa mwaka mmoja. Dayosisi za Kilutheri za Tanzania zilizo katika Vereinte Evangelische Mission ya Wuppertal, ushirika wa makanisa ya Kiprotestanti unaofanya kazi ya misioni, zimekuwa zikituma vijana kwa njia hiyo, na Bethel ya Bielefeld, taasisi kubwa ya Kiprotestanti ya kuwahudumia wagonjwa na walemavu, ambayo wamisionari wake walifika Usambara na Buhaya enzi za ukoloni wa Kijerumani, ni miongoni mwa zinazopokea vijana wa kigeni.

Sheria ya Huduma hiyo ya Shirikisho inataka kijana wa chini ya miaka 27 apewe siku 25 za semina katika mwaka mmoja, na inakataza anayejitolea kutumiwa badala ya mfanyakazi wa mshahara. Wapo wanaoziona siku hizo 25 kuwa ni kupoteza muda, hasa nyumba inapokuwa na upungufu wa watu. Mimi naziona kuwa ndizo ulinzi wenyewe. Kwa siku hizo kijana anatoka nje ya nyumba, anakutana na wenzake kutoka nyumba nyingine, na anagundua kwamba zamu za usiku alizodhani ni kawaida si kawaida. Anapata pia mlezi ambaye hamtegemei msimamizi wa nyumba kwa chochote. Sheria haimfanyi mtu kuwa mwema, na nyumba mbaya inaweza kuwa na karatasi zote safi. Inachokifanya ni kufungua dirisha ambalo msimamizi hana ufunguo wake.

Wapo watakaosema kwamba masharti haya ni ya kidunia, na kwamba roho ya huduma haipimwi kwa saa. Ningewaomba wamrudie Mtakatifu Benedikto, ambaye kanuni yake imetawala maisha ya abasia za Peramiho na Ndanda tangu zilipoanzishwa. Katika sura ya 58 anaelekeza kwamba anayetaka kujiunga asipokelewe kirahisi, bali ajaribiwe mwaka mzima, na katika mwaka huo asomewe kanuni yote si mara moja tu, huku akiambiwa kwamba hii ndiyo sheria unayotaka kuishi chini yake: ukiweza kuishika, ingia, usipoweza, ondoka ukiwa huru. Karne ya sita, mwandishi wa maisha ya kimonaki yenye nidhamu kali alijua kwamba ahadi haina thamani kama mlango wa kutokea umefungwa, na kwamba mtu ni lazima aambiwe mapema anaingia katika nini. Amri ya Sabato nayo, katika Kutoka 20, haimpumzishi bwana wa nyumba peke yake. Inamtaja mtumwa, mjakazi, mnyama, na mgeni aliye ndani ya malango. Siku ya mapumziko ya anayejitolea ina msingi wa zamani kuliko sheria yoyote ya kazi.

Kuna pingamizi jingine lenye nguvu zaidi, na nalichukulia kwa uzito. Ukijaza nyumba zamu, fomu na saa za kuingia na kutoka, unaweza kuirudisha kuwa ile taasisi ambayo watu walikimbia mwaka 1964. Walioishi katika jumuiya za zamani husimulia kwa masikitiko jinsi meza ya chakula cha jioni ilivyopungua watu mara wasaidizi walipoanza kwenda makwao saa kumi na mbili. Hasara hiyo ni ya kweli. Lakini kinachoiua meza si mtu kuwa na siku yake ya mapumziko. Kinachoiua ni kuwa na watu wachache mno, hata anayebaki mezani abaki akiwa amechoka, akitazama saa. Aliyelala usiku wa jana ndiye mwenye subira ya kusubiri kijiko.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina ugumu wake. Tanzania hivi sasa kijana mwenye shahada ya ualimu au uuguzi anaweza kujitolea mwaka, miwili, hata mitatu akisubiri ajira, na anajitolea kwa sababu hana mahali pengine pa kwenda. Kijana wa namna hiyo akipelekwa na parokia au usharika kuishi katika kituo cha walemavu au cha wazee, hiari yake imekwishapungua kabla hajaingia langoni. Hatakataa zamu, kwa kuwa anaogopa kupoteza nafasi ya kuajiriwa na kanisa baadaye. Wageni kutoka Ujerumani wanaofika katika kituo hicho hicho huja na bima, nauli ya kurudi na namba ya simu ya kupiga wakipata shida, ilhali mwenzao Mtanzania anayelala chumba cha pili hana hata karatasi inayosema atapumzika lini. Tofauti hiyo inaonekana na kila mtu, na vituo vingi vinaishi nayo kana kwamba ni hali ya hewa.

Kwa hiyo ningetaka dayosisi na majimbo yanayopokea au kutuma vijana yaandike makubaliano yale yale kwa kijana wa hapa na kwa anayetoka nje: siku kamili ya mapumziko kila wiki, chumba kinachofungika kwa ndani, mafunzo kabla ya kuachwa peke yake na mtu mgonjwa, posho inayotolewa kwa tarehe inayojulikana, nauli ya kurudi iliyotengwa tangu siku ya kwanza, na jina la mtu mmoja asiyehusika na uongozi wa kituo ambaye kijana anaweza kumwendea bila kuomba ruhusa. Mtu huyo asiwe padri wala mchungaji anayemwungamisha au kumlea kiroho, kwa kuwa ripoti ya L'Arche imeonyesha kinachotokea ofisi hizo mbili zinapowekwa mikononi mwa mtu mmoja. Viongozi watasema hakuna fedha. Kituo kisichoweza kumlipa msaidizi wa pili wa usiku kimepokea watu wengi kuliko kinavyoweza kuwatunza, na upungufu huo unalipwa kila usiku na kijana asiyelala.

Na haki hii ya kusema hapana haimalizikii kwa anayejitolea. Mwenyeji wa nyumba, yule anayeogeshwa na kulishwa, naye anayo, hata kama hana maneno. Anakaza taya, anageuza uso, anausukuma mkono, na ni juu ya anayemhudumia kutambua kama hiyo ni dalili ya maumivu, ya aibu, au ya kumkataa mtu huyo asimguse. Katika nyumba ambamo msaidizi mwenyewe amezoezwa kunyamaza, ishara hizo huhesabiwa kuwa ukaidi na kazi inaendelea kwa nguvu, maana aliyezoea kwamba hapana yake haisikilizwi ni nadra kuisikiliza ya mwingine. Ningetaka basi wakaguzi wa vituo hivi, wa serikali na wa makanisa, waache kuanzia kwenye vitabu vya hesabu na picha za ukutani, na waombe kwanza kuiona ratiba ya zamu ya miezi mitatu iliyopita, kisha wamwulize kila mwenyeji, kwa njia yoyote anayoweza kujibu, ni nani anayetaka amwogeshe na ni nani hamtaki.